Je, Maumivu ya Nyonga Huanzia kwenye Wayo?

Imeenea katika nchi nyingi desturi ya kumtazama mgonjwa wa nyonga kuanzia chini. Mtu hulalamika kwamba nyonga inamuuma apandapo ngazi au alalapo kwa ubavu. Naye huvuliwa viatu, husimamishwa juu ya kioo au bamba lenye vipokezi vya umeme, na baada ya dakika chache hukabidhiwa picha yenye rangi nyekundu na buluu, pamoja na tarakimu kadhaa. Huelezwa kuwa wayo wake wa kulia umelalia ndani kwa digrii saba, kwamba hapo ndipo kilipo chanzo cha maumivu, na kwamba tiba yake ni soli maalumu ya kutiwa ndani ya kiatu. Soli yenyewe si ya bei rahisi. Kama maelezo hayo yangekuwa uzushi mtupu, isingekuwa kazi kuyakanusha. Lakini yana chembe ya ukweli ndani yake, na ni chembe hiyo inayoyafanya yastahili kuchunguzwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba kupima wayo ni kazi halali ya sayansi, ila tarakimu inayopatikana ni legevu mno kuweza kubeba hukumu juu ya nyonga. Mtaalamu anayepima wayo kabla hajaichunguza nyonga yenyewe ameugeuza utaratibu juu chini, na kwa baadhi ya wagonjwa, hususan watoto, kosa hilo laweza kuleta hasara isiyorekebishika.

Yafaa kuanza na hiyo chembe ya ukweli. Kiswahili huita mguu kiungo chote kutoka nyonga hadi vidoleni, na katika jambo hili lugha imeona mbali, kwani kiungo hicho hufanya kazi kama mnyororo mmoja. Chini ya kifundo, kati ya mfupa wa kifundo chenyewe na mfupa wa kisigino, pana kiungo ambacho wataalamu hukiita sabtala. Mhimili wa kiungo hiki haukulala wala haukusimama wima, umekaa mshazari. Msomaji na afikirie bawaba iliyopigiliwa mshazari kati ya vipande viwili vya ubao, kimoja kimelala na kingine kimesimama. Ukikiinamisha upande kile kilicholala, kile kilichosimama hakiinami tu, bali huzunguka. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyesimama: kisigino kinapolalia upande wa ndani, mfupa wa muundi huzunguka kuelekea ndani, goti hufuata, na mfupa wa paja nao huvutwa kuzunguka ndani ya tundu la nyonga.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli, Sam Khamis na Ziva Yizhar, waliwasimamisha watu 35 wenye afya njema juu ya kabari zilizozilazimisha nyayo zao kulalia ndani kwa digrii 10, 15, na 20. Muundi ulizunguka, paja likazunguka, na mifupa ya nyonga ikainama mbele kidogo. Kwa hiyo mnyororo upo. Lakini ikumbukwe kwamba watu hao walikuwa wazima, walisimama tuli, na kabari zilizotumika ni za mwinamo mkubwa. Jaribio lilionyesha kuwa mifupa husogea. Halikuonyesha, wala halikukusudiwa kuonyesha, kwamba mtu ataumwa.

Zaidi ya hayo, bawaba za watu hazilingani. Mwaka 1969 wataalamu R. E. Isman na Verne Inman wa Marekani walichapisha vipimo vya miguu ya maiti na kueleza kuwa mhimili wa sabtala huinuka kutoka usawa wa ardhi kwa wastani wa digrii 42 hivi; ila kwa mtu mmoja ulikuwa digrii 20 tu, na kwa mwingine 68. Tofauti hii si ndogo hata kidogo. Mwenye mhimili wa chini, kisigino chake chaweza kulala sana huku muundi ukizunguka kidogo tu. Mwenye mhimili wa juu, mambo ni kinyume. Basi watu wawili wakiambiwa kila mmoja kuwa kisigino chake kimelala kwa digrii saba, habari inayoifikia nyonga ya huyu si ile inayoifikia nyonga ya yule, na hapana anayeweza kuuona mhimili huo kwa kumtazama mtu kwa nje.

Sasa na itazamwe hiyo digrii saba yenyewe: hupatikanaje?

Njia iliyotawala kwa miaka mingi ni ile ya Merton Root, daktari wa nyayo wa Marekani, aliyeieleza pamoja na wenzake William Orien na John Weed katika vitabu vyao vya mwaka 1971 na 1977. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya ukingo wa kitanda. Mpimaji huchora kwa kalamu mstari unaokigawa kisigino katikati kwa nyuma, na mwingine unaougawa muundi kwa upande wa chini. Kisha hushika kifundo kwa kidole gumba na cha shahada, akiuzungusha wayo polepole mpaka ahisi kuwa kichwa cha mfupa wa kifundo kinagusa vidole vyake sawasawa pande zote mbili. Hapo husema wayo uko katika hali ya kati, naye huweka kipimapembe na kusoma pembe iliyo baina ya mistari miwili. Baadaye mgonjwa husimama, na pembe husomwa tena.

Ni njia yenye werevu mwingi. Hata hivyo, kisigino ni mfupa wa duara uliofunikwa na mafuta laini na ngozi inayoteleza. Mstari uliochorwa juu ya ngozi hauahidi kuwa mfupa nao umegawanyika hapo. Na hisia ya vidole viwili si sawa kwa kila mpimaji. Mwaka 1988 Elveru, Rothstein, na Lamb, wataalamu wa tiba ya viungo, waliwapa wapimaji mbalimbali wagonjwa walewale, wakaona kuwa makubaliano kati ya mpimaji na mpimaji juu ya kiungo hiki yalikuwa dhaifu. Kosa la digrii kadhaa katika pembe ambayo jumla yake ni digrii saba si jambo la kupuuzwa. Fundi seremala aliyepewa rula ya namna hiyo angeirudisha dukani.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1994. Thomas McPoil na Mark Cornwall walifuatilia mwendo wa kisigino wakati watu wanapotembea, ili kuona kama kweli kisigino huzunguka pande zote za ile hali ya kati ya Root. Hawakuona hivyo. Mwendo wa kisigino ulikaribiana zaidi na jinsi mtu anavyosimama kwa kawaida, amejilegeza, kuliko hali ya kati iliyotafutwa kwa vidole. Yaani kile kilichokuwa kikiitwa kawaida, ambacho kila mgonjwa alipimwa dhidi yake, hakikuwa mahali ambapo nyayo za watu wazima huishi.

Zipo njia nyingine. David Brody alipendekeza mwaka 1982 kupima kushuka kwa mfupa wa navikula, yaani ile nundu inayopapaswa upande wa ndani wa wayo, mbele na chini ya kifundo. Kimo chake hupimwa kwa rula mtu akiwa ameketi na wayo umewekwa katika hali ya kati, kisha akiwa amesimama. Tofauti ya vimo viwili ndiyo kipimo. Wengi huhesabu kushuka kwa zaidi ya milimita 10 kuwa kumezidi. Kipimo hiki ni rahisi, hakihitaji mashine, na mtu aliyefundishwa vizuri hukirudia bila kupishana sana na nafsi yake. Ila hata hapa hali ya kati imerudi kwa mlango wa nyuma, na tena wayo mrefu una tao refu la kushuka kuliko wayo mfupi, ilhali milimita 10 hubaki ni zilezile kwa mchezaji wa mpira wa kikapu na kwa bibi mfupi.

Bora zaidi pengine ni kipimo cha mkao wa wayo kilichotungwa na Anthony Redmond na wenzake na kuchapishwa mwaka 2006. Hapa hapana kipimapembe. Mtu husimama kwa kujilegeza, na mpimaji hutazama alama sita, kama vile mwinamo wa kisigino, umbo la tao, na jinsi sehemu ya mbele ya wayo ilivyoelekea. Kila alama hupewa kuanzia 2 kasoro, yaani wayo uliolalia nje, hadi 2 zaidi, yaani wayo uliolalia ndani. Jumla huwa kati ya 12 kasoro na 12 zaidi. Mwaka 2008 Redmond, Crane, na Menz walikusanya vipimo vya watu wengi ili kujua kawaida ni ipi. Kwa watu wazima wastani haukuwa sifuri. Ulikuwa takriban 4 zaidi. Kulalia ndani kidogo, basi, ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Yule aliyeambiwa kwa sauti ya kusikitika kwamba nyayo zake zimelalia ndani ameambiwa, mara nyingi, kwamba yeye ni mtu kama watu.

Lililobaki ni alama ya wayo, iwe ya wino juu ya karatasi au ya rangi juu ya bamba la umeme. Peter Cavanagh na Mary Rodgers walieleza mwaka 1987 jinsi ya kuigawa alama hiyo, bila vidole, katika sehemu tatu zenye urefu sawa, na kupata uwiano wa eneo la katikati kwa eneo lote. Uwiano ukifika 0.26 au zaidi, tao huhesabiwa kuwa la chini, ukiwa 0.21 au pungufu, ni la juu. Hesabu yenyewe ni safi. Lakini Kiswahili kina neno moja, wayo, kwa kiungo na kwa alama kinayoiacha chini, na mchanganyiko huohuo huwapata wenye mashine. Alama huonyesha nyama iliyogusa ardhi, si mifupa iliyo juu yake. Mtu mnene huacha alama pana hata kama tao lake la mifupa liko juu. Alama za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa na kundi la Mary Leakey katika miaka ya 1970 na zenye umri wa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu, zimewafanya mabingwa wabishane kwa miongo kadhaa juu ya namna tao la wayo uliozifanya lilivyokuwa. Ikiwa wao hubishana baada ya kupima kila unywele wa majivu yale, si busara kwa muuza viatu kukata shauri kwa dakika mbili.

Tena, kawaida ya nani? Mwaka 1992 Udaya Bhaskara Rao na Benjamin Joseph walichapisha uchunguzi wa alama za nyayo za watoto 2,300 nchini India. Miongoni mwa watoto waliokuwa wakivaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa waliotembea pekupeku, asilimia 2.8 tu. Viatu vya utotoni vinaweza kuwa na mkono katika kuliumba tao. Viwango vilivyopatikana kwa watu waliovaa viatu tangu kuzaliwa havipaswi kupachikwa bila kupimwa upya juu ya watu waliokulia wakikanyaga udongo, na hii ni kazi ambayo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vingeweza kuifanya kwa karatasi, wino, na wanafunzi wenye subira.

Na uhusiano wenyewe na maumivu ya nyonga? Uchunguzi unaotajwa mara nyingi ni ule wa Douglas Gross na wenzake wa Marekani wa mwaka 2007, uliohusu watu wazima wenye umri mkubwa. Wale ambao sehemu ya mbele ya wayo iligeukia ndani zaidi walikuwa na uwezekano wa kuumwa nyonga ya upande uleule unaokaribia maradufu ya wenzao. Matokeo hayo ni ya maana na hayafai kudharauliwa. Hata hivyo, wayo na nyonga vilipimwa kwa wakati mmoja, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia. Nyonga inayosagika gegedu hupoteza kwanza uwezo wa kuzunguka ndani. Mwenye nyonga hiyo hutembea akiwa ameuelekeza wayo nje, na uzito wake huangukia upande wa ndani wa wayo. Mtaalamu atakayeutazama wayo huo peke yake atasema umeiharibu nyonga, kumbe ni nyonga iliyougeuza wayo.

Penye shaka ya namna hii, mwamuzi ni jaribio la tiba. Jeshi la Marekani lilifanya jaribio kubwa: Joseph Knapik na wenzake, katika ripoti zilizotoka mwaka 2009 na 2010, waliwagawia baadhi ya makuruta viatu kufuatana na umbo la alama za nyayo zao, na wengine wakapewa aina moja ya kiatu bila kujali nyayo. Maumivu na majeraha ya mazoezi hayakupungua kwa maana yoyote kwa wale waliopimwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Rebecca Mellor na wenzake huko Australia walichapisha jaribio la watu 204 wenye maumivu ya kano za upande wa nje wa nyonga, ugonjwa unaowasumbua zaidi wanawake wa makamo. Waliofundishwa jinsi ya kuipunguzia nyonga mzigo na kupewa mazoezi ya misuli yake, asilimia 77 walisema baada ya wiki nane kuwa wamepata nafuu. Waliochomwa sindano ya kotikosteroidi walikuwa asilimia 58, na walioachwa wasubiri, 29. Wagonjwa hao walitibiwa kwa kuishughulikia nyonga yenyewe.

Haisemwi hapa kwamba soli hazina faida. Mtu ambaye wayo wake mmoja umeporomoka ghafla kwa sababu kano inayolishikilia tao imechakaa anahitaji kuinuliwa tao hilo, na pengine upasuaji. Mtu anayeona kwamba akitia soli laini nyonga yake hupoa na aendelee kuitumia. Soli ya bei ndogo iliyojaribiwa kwa wiki chache itamweleza mengi kuliko bamba la umeme. Bamba hilo nalo lina kazi yake ya heshima. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia nyayoni, huonyesha mahali ambapo mgandamizo mkubwa utazaa kidonda ambacho yeye mwenyewe hatakihisi.

Aidha, upo mfano wa kipimo cha wayo kinachostahili sifa zote, nao uko jirani. Nchini Uganda, tangu mwisho wa miaka ya 1990, watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda hutibiwa kwa njia ya Ponseti ya kufunga plasta mfululizo, na maendeleo yao hufuatwa kwa kipimo cha Shafiq Pirani: alama sita, kila moja ikipewa 0, nusu, au 1. Hupimwa kwa macho na vidole, na waganga wasaidizi waliofundishwa hukitumia barabara. Ubora wake hautokani na usahihi wa digrii. Kila tarakimu ndani yake imefungamana na tendo: plasta iendelee, au sasa kano ya kisigino ikatwe. Ile digrii saba ya mgonjwa wa nyonga haikufungamana na tendo lolote ila kununua.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Maumivu yanayoitwa ya nyonga si ugonjwa mmoja. Yakiwa kinenani, hasa yakizidi mtu anapovaa soksi au kushuka garini, mara nyingi kiungo chenyewe ndicho mgonjwa. Yakiwa upande wa nje, kwenye nundu ya mfupa wa paja, aghalabu ni kano. Yakiwa takoni na kushuka nyuma ya paja, uti wa mgongo huwa wa kwanza kushukiwa. Na kwa mtoto, tahadhari lazima iongezeke. Katika Afrika Mashariki wapo watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kuziba njia ndogo za damu zinazokilisha kichwa cha mfupa wa paja mpaka kikafa na kubonyea. Kipo kifua kikuu cha kiungo cha nyonga. Upo ugonjwa wa Perthes kwa watoto wadogo, na kuteleza kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa vijana wanaobalehe, ambao mara nyingi husema wanaumwa goti, wala hawaitaji nyonga kabisa. Kila mmoja wa watoto hawa atachechemea. Na kila anayechechemea akisimamishwa juu ya bamba, rangi za upande mmoja hazitafanana na za upande wa pili. Soli itatengenezwa. Miezi itapita.

Kipimo kinachotangulia vingine vyote hakina mashine. Mgonjwa hulala chali, goti na nyonga hukunjwa kufika digrii 90, na muundi husukumwa taratibu kuelekea nje ili paja lizunguke kwa ndani. Kisha hufanywa hivyohivyo upande wa pili na kulinganishwa. Nyonga isiyozunguka sawa na mwenzake, au inayochoma kinenani ikizungushwa, inadai eksirei, na mtoto mwenye selimundu asingojee hata hapo. Eksirei ya kwanza yaweza kutoka safi, kwa kuwa mfupa huweza kufa kabla picha haijabadilika. Picha ya sumaku huonyesha mapema zaidi, lakini haipatikani katika hospitali nyingi za wilaya. Ambapo haipo, mtoto huyo apunguziwe kuukanyagia mguu, apewe magongo, na arudishwe apigwe eksirei nyingine baada ya wiki chache, hata kama ile ya kwanza ilisomwa kuwa haina kitu.